Chanjo ikikuumiza ukiwa Marekani: namna ya kudai fidia hatua kwa hatua

Ukifanya kazi ya kuhudumia wazee Ohio au Minnesota, msimu wa baridi ukikaribia mwajiri anataka kuona karatasi ya chanjo ya mafua. Uliyekuja kwa mpango wa wakimbizi, ukishatua tu unaanzishiwa mfululizo wa sindano. Anayeomba grini kadi naye hapiti kwa daktari wa uhamiaji mpaka zilizotakiwa zikamilike. Kwa kifupi, sisi tunaosema Kiswahili huku tunachanjwa sana. Wengi hatupati zaidi ya mkono kuuma siku mbili ukaisha. Lakini wapo wachache wanaoumia kweli: bega linaganda, miguu inakufa ganzi, mtoto analazwa. Sheria imewawekea njia ya kulipwa bila kumshtaki muuguzi wala kampuni, na bila kutoa senti kwa wakili. Tatizo ni kwamba wengi huisikia njia hiyo muda ukiwa umeshapita.

Huu si mwongozo wa kupinga chanjo. Kwa hesabu za serikali yenyewe, kwa kila dozi milioni moja zinazosambazwa, fidia hutoka kwa mtu kama mmoja. Mwongozo huu ni wa huyo mmoja.

Unamdai nani hasa

Miaka ya 1980 kampuni za chanjo, hasa ya kifaduro, zilishtakiwa mfululizo. Baadhi zikaacha kutengeneza, na serikali ikahofia chanjo kuadimika. Mwaka 1986 Bunge la Marekani likapitisha sheria mpya, na tarehe 1 Oktoba 1988 ukaanza Mpango wa Kitaifa wa Fidia ya Madhara ya Chanjo, unaojulikana zaidi kwa herufi zake, VICP.

Katika mpango huu unayemdai ni Waziri wa Afya wa serikali kuu, na mawakili wa Wizara ya Sheria ndio wanaomtetea. Huna haja ya kuthibitisha kwamba kuna mtu alizembea. Unachothibitisha ni kwamba chanjo ndiyo iliyokuumiza. Fedha zinatoka kwenye mfuko unaojazwa na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa ambao dozi inaukinga, kwa hiyo dozi moja ya surua, matumbwitumbwi na rubella huingiza dola 2.25.

Mtu akikwambia "tuishtaki kampuni moja kwa moja, huko ndiko kuna mamilioni", elewa kwamba hajui njia. Kwa chanjo zilizomo kwenye mpango, sheria inataka uanzie hapa. Na mwaka 2011, katika kesi ya Bruesewitz dhidi ya Wyeth, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kampuni haiwezi kushtakiwa kwa hoja kuwa chanjo ilibuniwa vibaya.

Uraia si sharti. Na ingawa sheria ya 1986 ina jina la watoto, siku hizi wadai wengi ni watu wazima.

Hatua ya kwanza: hakikisha chanjo yako imo

Zilizomo ni zile ambazo serikali inapendekeza zitolewe kwa kawaida kwa watoto au wajawazito, na zinazotozwa kodi ile. Kwa hiyo mafua ya msimu imo, hata kama aliyechanjwa ana miaka 70. Zimo pia pepopunda, dondakoo, kifaduro, polio, surua na wenzake, tetekuwanga, homa ya ini A na B, HPV (virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi), rota (virusi vya kuharisha watoto), homa ya uti wa mgongo, na ile ya nimonia wanayopewa watoto.

Zisizomo ndizo zinazowakamata watu wetu. Homa ya manjano, ambayo wengi hudungwa wakijiandaa kwenda nyumbani, haimo. Homa ya matumbo haimo. Kichaa cha mbwa haimo. Mkanda wa jeshi, ambayo wazee hupendekezewa, nayo haimo. Kwa hizo inabaki mahakama ya kawaida na sheria za jimbo, na huko itakubidi uonyeshe kosa la mtu. UVIKO una mpango wake peke yake, nitaufikia mwishoni.

Sasa suala la mahali. Kama ulichanjwa ndani ya Marekani, huna shida. Kama ulichanjwa nje, milango ni miwili tu: uwe raia wa Marekani uliyekuwa huko kama mwanajeshi au mtumishi wa serikali yake, au mtegemezi wa mtu huyo, au chanjo iwe imetengenezwa na kampuni iliyoko Marekani na wewe uwe umerudi Marekani ndani ya miezi 6 tangu kuchanjwa. Familia zilizochanjwa kwenye kambi za wakimbizi za Kakuma au Nyarugusu kabla ya safari huuliza sana kuhusu hili. Jibu linaanzia kwenye neno "umerudi", ambalo halimhusu anayefika Marekani mara ya kwanza, kisha kwenye jina la kampuni lililoandikwa kwenye kadi. Dozi nyingi zinazotumika Afrika Mashariki zimetengenezwa India, na hizo hazikidhi sharti la kampuni. Usiitupe kadi kwa sababu hiyo, ila elekeza nguvu kwenye sindano ulizodungwa baada ya kufika.

Hatua ya pili: hesabu muda kabla ya jambo lingine lolote

Una miaka 3 kuanzia siku dalili ya kwanza ilipojitokeza. Haihesabiwi tangu daktari alipokupa jina la ugonjwa, wala tangu ulipogundua kuwa chanjo ndiyo chanzo. Mahakama ya rufani iliyasisitiza hayo mwaka 2011 katika kesi ya Cloer, iliyoletwa na mgonjwa ambaye dalili yake ya kwanza ilitangulia utambuzi wa ugonjwa kwa miaka.

Chukua mfano. Umechanjwa mafua tarehe 10 Oktoba 2024, bega likaanza kuuma tarehe 11. Madai yawe yameshapokelewa mahakamani kabla ya tarehe 11 Oktoba 2027 kufika. Kupiga simu kwa wakili hakusimamishi muda. Kuripoti kwenye VAERS, mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za madhara, hakusimamishi muda pia. VAERS ni ya takwimu na wala haimlipi mtu. Utoto nao hauusimamishi: mzazi au mlezi ndiye afungue kwa niaba ya mtoto, asisubiri afikishe miaka 18.

Kwa aliyefariki, familia ina miaka 2 tangu kifo, na isizidi miaka 4 tangu dalili ya kwanza ya madhara yaliyomuua.

Kuna kipimo kingine cha muda. Madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi 6, au yalikufanya ulazwe na ufanyiwe upasuaji, au yalisababisha kifo. Bega lililopona mwezi wa tatu halina dai hapa, hata kama lilikunyima usingizi.

Hatua ya tatu: nenda hospitali, na useme yaandikwe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu madai mengi hufia hapa, na hufa kimya kimya. Mahakama haitakuona ukiumwa. Itasoma kile daktari alichoandika wiki za mwanzo. Tumelelewa kuvumilia, mtu anachuliwa na mafuta, anameza vidonge vya kutuliza maumivu, anabadilisha mkono wa kubebea, mwezi wa tano ndipo anakwenda kliniki na kusema "mkono unanisumbua". Kuchuliwa nyumbani si kosa, ila hakuachi karatasi.

Nenda mapema, na ukifika taja mambo manne bila kusubiri kuulizwa: tarehe uliyochanjwa, chanjo gani, upande gani wa mwili, na maumivu yalianza saa ngapi baada ya sindano. Ongeza kama bega hilo halijawahi kukuuma kabla. Onyesha kwa kidole mahali sindano ilipoingia. Ikiwa ilidungwa juu sana, karibu na kiungo cha bega, sema hivyo. Na kama maumivu yalianza usiku uleule, usiseme "wiki kama mbili hivi" kwa sababu tu ndivyo wageni tunavyozungumza tukiwa na haraka. Maneno hayo yataandikwa, na miaka 2 baadaye wakili wa serikali atayasoma kwa sauti.

Omba mkalimani. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupatia bila malipo, msingi wake ukiwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mkalimani wa simu anatosha. Usimtumie mwanao wa miaka 12. Atafupisha, na kilichofupishwa ndicho kitakachobaki kwenye faili.

Jambo ambalo watu hawalitarajii: mawakili wa serikali hutazama pia ziara zilizohusu mambo mengine. Ulikwenda kupima presha mwezi wa pili, muuguzi akauliza kama kuna maumivu mahali popote, ukajibu hapana kwa sababu siku hiyo ulikuwa na presha tu kichwani. Hiyo "hapana" itatolewa kama ushahidi kwamba bega lilikuwa zima. Ukienda kwa lolote lile, taja na bega.

Hatua ya nne: kusanya karatasi

Aliyekuchanja anatakiwa kisheria kuhifadhi tarehe, jina la kampuni, namba ya toleo la chanjo, pamoja na jina na anwani yake. Kaombe rekodi hiyo duka la dawa au kliniki mapema. Angalia sana sehemu ya upande: mara nyingine kompyuta hujaza "kushoto" yenyewe hata kama ulidungwa kulia. Kosa hilo likionekana wiki ya pili kulisahihisha ni rahisi kuliko mwaka wa pili. Majimbo mengi yana pia daftari la chanjo ambalo unaweza kuomba nakala yako.

Kisha omba rekodi zote za matibabu. Sheria ya faragha ya afya inakupa haki ya kupata nakala, kwa kawaida ndani ya siku 30. Unahitaji za tangu sindano hadi leo, na za miaka 3 kabla yake, ili ionekane ulikuwaje. Kwa mtoto mdogo, anzia ujauzito na kuzaliwa.

Halafu kuna karatasi zisizo za hospitali. Usiku ule ulimtumia dada yako Mombasa sauti au ujumbe wa WhatsApp kwamba huwezi kuinua mkono? Usifute. Una tarehe na saa. Utatafsiriwa kwa Kiingereza, na mtafsiri aambatishe tamko lake kwamba tafsiri ni sahihi. Mume, mke, mfanyakazi mwenzako aliyekubebea ndoo wiki nzima, wote wanaweza kutoa hati ya kiapo. Tunza na risiti za dawa, za tiba ya viungo, na barua za kazini zinazoonyesha siku ulizokosa.

Hatua ya tano: jua mzigo wa ushahidi unaokungoja

Mpango una Jedwali la Madhara. Kila chanjo imeandikiwa madhara fulani na muda wake, na ukiangukia humo sheria inachukulia kwamba chanjo ndiyo chanzo. Serikali ndiyo itafute sababu nyingine. Baadhi ya vipengele: mshtuko wa mzio ndani ya saa 4, kuzirai ndani ya saa 1, Guillain-Barré, ugonjwa unaodhoofisha neva na miguu, kati ya siku 3 na 42 baada ya chanjo ya mafua, utumbo kuingiana kati ya siku 1 na 21 baada ya chanjo ya rota.

La bega ndilo linaloonekana sana. Wanasheria huliita SIRVA, na liliingizwa kwenye Jedwali mwaka 2017. Masharti yake: maumivu yaanze ndani ya saa 48; bega hilo lisiwe na historia ya maumivu au hitilafu inayoweza kueleza hali yako; maumivu na kushindwa kulizungusha viwe kwenye bega lililodungwa tu; na pasiwe na ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo. Sasa unaona kwa nini nilisisitiza yale mambo manne.

Jedwali hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma toleo la sasa kwenye tovuti ya HRSA, idara inayosimamia mpango.

Ukiwa nje ya Jedwali bado una nafasi, ila mzigo ni wako. Tangu kesi ya Althen ya mwaka 2005, unatakiwa kuonyesha mambo matatu: nadharia ya kitabibu inayoeleza chanjo hiyo inavyoweza kuleta madhara hayo, mlolongo wenye mantiki unaounganisha sindano yako na ugonjwa wako, na muda unaofaa kati yao. Si lazima uhakika uwe kamili, inatosha uwezekano uzidi nusu. Lakini itahitajika ripoti ya daktari bingwa.

Wazazi huuliza kuhusu usonji. Maelfu ya madai ya aina hiyo yalikusanywa, kesi za mfano zikasikilizwa kwa kina, na maamuzi ya 2009 na 2010 yakasema ushahidi hauonyeshi kwamba chanjo husababisha usonji. Atakayekuahidi fidia kwa hoja hiyo anakupotezea muda.

Hatua ya sita: tafuta wakili wa fani hii

Wakili katika mpango huu halipwi na wewe. Mahakama humlipa kutoka kwenye mfuko ukishinda, na hata ukishindwa, mradi madai yalifunguliwa kwa nia njema na yalikuwa na msingi. Zaidi ya hapo, sheria inamkataza kukutoza chochote juu ya kile mahakama ilichompangia. Akitaja theluthi ya fidia, kama wafanyavyo mawakili wa ajali za magari, mshukuru na utoke.

Si lazima awe wa jimbo lako. Mahakama ni moja kwa nchi nzima, Mahakama ya Madai ya Serikali Kuu iliyoko Washington, jirani na Ikulu, na kwenye tovuti yake kuna orodha ya mawakili wanaopokea kesi za chanjo. Muulize ameshughulikia kesi ngapi za aina yako, na nani atakuwa mkalimani wenu kwenye simu. Wale wajaza fomu wa mtaani, hodari kwenye karatasi za uhamiaji, hapa si mahali pao.

Unaweza pia kufungua mwenyewe bila wakili. Ada ni dola 405, na asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe. Kwa SIRVA iliyo wazi mtu anaweza kujaribu. Kwa Guillain-Barré au mtoto aliyepata kifafa, mimi nisingeshauri.

Hatua ya saba: baada ya kufungua

Madai huwasilishwa kwa karani wa mahakama, nakala ikaenda kwa Waziri wa Afya. Yatapangiwa hakimu maalumu, mmoja wa wachache wanaosikiliza kesi hizi tu. Madaktari wa serikali hupitia faili, kisha Wizara ya Sheria huandika ripoti: inakubali au inapinga. Usishangae miezi ikipita bila habari. Kwa kawaida ni miaka 2 hadi 3 mpaka mwisho, na zile ngumu huzidi.

Nyingi hazifiki kwenye ushahidi wa mdomo. Karibu 60 kati ya kila fidia 100 hutokana na maafikiano, serikali ikilipa bila kukiri kwamba chanjo ndiyo chanzo. Kuna wanaokwazika na hilo, wakitaka kusikia neno "tumekosa". Mpango huu haukutengenezwa kutoa neno hilo.

Maamuzi huchapishwa mtandaoni yakiwa na maelezo ya ugonjwa wako. Kama hutaki majirani wayasome, una siku 14 tangu uamuzi kuomba mambo fulani yafutwe. Mwambie wakili kabla.

Ukishindwa, una siku 30 kuomba jaji wa mahakama hiyohiyo aupitie uamuzi. Na ukipewa hukumu usiyoiridhia, una siku 90 kuikataa kwa maandishi ndipo uende mahakama ya kawaida, ambako sasa kampuni itakusubiri na ile kinga ya 2011.

Kinacholipwa

Gharama za matibabu ambazo bima haikulipa, zilizopita na zijazo. Mapato uliyopoteza. Maumivu na mateso, mwisho dola 250,000. Kwa kifo, dola 250,000. Gharama za matunzo hazina kikomo, ndiyo maana fidia za watoto walioumia vibaya huweza kuwa kubwa, na mara nyingi hulipwa kidogo kidogo kwa miaka. Fedha za mtoto hazikabidhiwi mzazi hivihivi. Kwa kawaida mahakama ya jimbo hutakiwa kwanza kukuteua rasmi kuwa mlezi wa mali yake.

Kama wewe au mtoto mnapokea SSI (posho ya serikali kwa wazee na walemavu wa kipato kidogo) au Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), wakili ajue kabla fedha haijatoka. Fedha nyingi zikiingia kwa mkupuo kwenye akaunti yako zinaweza kukukatia misaada hiyo, na zipo njia halali za kuzihifadhi zikiandaliwa mapema.

Kama chanjo ilikuwa ya UVIKO

Hapa unakwenda kwenye mpango mwingine, CICP, uliotokana na sheria ya dharura ya mwaka 2005, na ni mwembamba zaidi. Muda ni mwaka 1 tu, unaohesabiwa tangu siku ya sindano, siyo tangu dalili. Hakuna mahakama, unajaza ombi kwa HRSA na maofisa wake wanaamua wakiwa ofisini. Mpango huu haulipi maumivu na mateso, wala haumlipi wakili. Unacholipa mpango ni matibabu ambayo hakuna mwingine aliyelipa, sehemu ya mshahara uliopotea hadi dola 50,000 kwa mwaka, na mafao ya kifo. Maombi mengi hukataliwa, na kuchelewa ni mojawapo ya sababu kubwa.

Ukikataliwa, unaweza kuomba ombi lipitiwe upya ndani ya siku 60 tangu uamuzi. Jopo jingine litalisoma, na jibu litakalotoka ndilo la mwisho. Kwa hiyo usisubiri rekodi zote za hospitali: tuma fomu ndani ya mwaka hata kama hazijakamilika, kisha zilizobaki zifuate.